CD Iko Ndani, Kompyuta Haiioni: Tatizo la Mashine za Zamani Liko Wapi?

Ushauri ni uleule kila mahali: ingia kwenye BIOS, weka CD iwe ya kwanza, hifadhi, washa upya. Watu wanaufuata hatua kwa hatua, halafu kompyuta inaipita CD na kufungua Windows ya zamani, au inabaki na kioo cheusi na kistari kinachopepesa pembeni. Hapo gharama zinaanza. Mmoja anaambiwa kisomaji cha CD kimekufa, anunue kingine. Mwingine anaambiwa mothabodi imechoka. Wa tatu anashauriwa aiuze mashine kwa wanaonunua vyuma chakavu, wakati haina ubovu wowote.

Swali hili limerudi kwa kishindo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inadai TPM 2.0, Secure Boot na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za shule, za ofisi ndogo na za mtumba hazina vitu hivyo. Wenye mashine hizo wanafikiria Linux, na wengine wanataka tu kupiga Windows upya ili mashine zao zipumue. Wote wanakutana na mlango mmoja: kuiwasha kompyuta kutoka kwenye CD, DVD au flashi.

Mpangilio wa BIOS, unaolaumiwa kwanza, mara nyingi hauna kosa. Kosa huwa kwenye diski yenyewe, na pengine kwenye uhusiano kati ya diski, kisomaji na umri wa mashine. Kulielewa hilo kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Mashine inatafuta nini inapowashwa

IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, BIOS, ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya mothabodi, ilijua kutafuta mfumo endeshi kwenye flopi. Baadaye ikajifunza hadi diski. Kwenye hadi diski kanuni ni nyepesi: soma sekta ya kwanza, yenye baiti 512, kisha tazama baiti mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA, sekta hiyo inakabidhiwa usukani.

CD haikuwemo katika hesabu hiyo. Sekta yake ya data ina baiti 2,048, na mpangilio wake wa faili, ISO 9660 wa mwaka 1988, ulilenga kuhifadhi na kusambaza data tu. Visomaji vingi vya mwanzo vilichomekwa kwenye kadi ya sauti, mahali ambapo BIOS haikuwa na habari napo. Ili kompyuta ikione kisomaji ilibidi kwanza DOS iwake na kupakia programu yake ya kukiendesha. Ndiyo sababu aliyenunua Windows 95 kwenye CD alihitaji pia flopi ya kuwashia.

Januari 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni iitwayo El Torito, na ndiyo inayotumika hadi leo. Sekta 16 za mwanzo za CD, yaani 0 hadi 15, zimeachwa kwa matumizi ya mfumo. Sekta ya 16 inaeleza diski ina nini. Sekta ya 17 inabeba maandishi ya utambulisho wa El Torito pamoja na anwani ya katalogi ndogo, na katalogi hiyo ndiyo inayoiambia BIOS programu ya kuwashia iko wapi. BIOS ikifika sekta ya 17 isikute utambulisho huo, inaihesabu CD kuwa haina kitu cha kuwashia na kuendelea na kifaa kinachofuata. Haitoi lawama wala maelezo.

Jambo hili lina matokeo mawili makubwa. La kwanza, alama hizo hazionekani kwenye orodha ya faili. Anayefungua CD ya Windows, akanakili mafolda yote na kuyachoma kwenye CD nyingine, anapata diski yenye kila faili isipokuwa kile ambacho BIOS inakitafuta. La pili, El Torito iliruhusu njia zaidi ya moja. CD inaweza kujifanya flopi, na hapo kompyuta inaiita A: huku flopi halisi ikisogezwa kuwa B:. Inaweza pia kujifanya hadi diski. Au inaweza kuachana na maigizo yote na kupakia programu yake moja kwa moja, kama zifanyavyo CD za Windows XP na za Linux nyingi. BIOS za miaka ya mwisho ya 1990 hazikuzitekeleza njia hizi kwa ubora sawa. Kwa hiyo mashine inaweza kuwaka vizuri na CD ya Windows 98 na kuikataa ya Linux, zote zikiwa nzima na kisomaji kikiwa kizima.

Hoja ya kwanza: badili mpangilio moja kwa moja

Hii ndiyo njia ya mafundi wengi. Unawasha, unabonyeza Delete kwenye mashine zenye BIOS ya Award au AMI, F2 kwenye Dell na laptopu nyingi, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad za zamani. Ndani, Award wana mstari wa kifaa cha kwanza, cha pili na cha tatu. Phoenix wana ukurasa wa Boot ambako kifaa hupandishwa na kushushwa kwa alama za kujumlisha na kutoa. AMI wana orodha ya vipaumbele. Unaiweka CD juu, unabonyeza F10, unathibitisha.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inafanya kazi karibu kwenye kila mashine iliyotengenezwa baada ya El Torito kuenea, zikiwemo zile zisizo na menyu nyingine yoyote. Haihitaji kuwahi kitufe kila mara. Fundi mwenye foleni ya kompyuta za kupigwa Windows anaipenda kwa sababu hiyo.

Udhaifu wake unaonekana baadaye. Usakinishaji wa Windows XP huiwasha kompyuta upya katikati ya kazi, na wakati huo CD bado imo. Ujumbe wa kubonyeza kitufe chochote unatokea tena, mtu anabonyeza kwa mazoea, na usakinishaji unaanza upya kutoka sifuri. Diski nyingi za Linux hata haziulizi: ukisahau kuitoa unarudishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, na mtumiaji mgeni anaamini kazi yote imepotea, ilhali mfumo tayari umekaa kwenye hadi diski.

Kuna suala la usalama, ambalo kwangu ni zito kuliko usumbufu huo. Kompyuta ambayo daima inaisikiliza CD kwanza iko wazi kwa yeyote mwenye CD ya Linux inayojiendesha bila kusakinishwa, aina iliyopata umaarufu kupitia Knoppix tangu mwaka 2000. Nywila ya Windows haizuii kitu hapo. Mtu anaiweka diski, anaiwasha mashine, anasoma faili za hadi diski ambayo haikusimbwa. Kwenye maabara ya shule au ofisi inayotunza kumbukumbu za watu, kuuacha mpangilio huo baada ya kazi kuisha ni uzembe.

Halafu kuna betri. Mipangilio ya BIOS kwenye mashine nyingi za zamani huhifadhiwa kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, CR2032, yenye volti 3. Ikiisha, kila umeme unapochomolewa mipangilio inarudi ya kiwandani. Mtu anaweka CD ya kwanza leo, anazima swichi ya ukutani, kesho anakuta hadi diski imerudi juu, na anahitimisha kwamba BIOS inakataa kuhifadhi. Dalili ni rahisi kuiona: tarehe ya kompyuta imerudi miaka mingi nyuma. Dalili hiyo ina madhara yake, maana tarehe ikiwa mbovu tovuti nyingi zinagoma kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Betri hii ni katika vitu vya bei nafuu kabisa dukani, na ibadilishwe kabla ya kulaumu chochote kingine.

Hoja ya pili: tumia menyu ya mara moja

Wengine wanasema BIOS isiguswe kabisa. Mashine nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2000 zina menyu ya kuchagua kifaa kwa safari hiyo moja tu: F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP, Esc kwenye laptopu za Asus na F8 kwenye mothabodi zao za mezani, F11 kwenye baadhi ya nyingine. Unachagua CD, usakinishaji unaanza, na kompyuta ikijiwasha upya inarudi kwenye hadi diski yenyewe. Tatizo la kuzunguka palepale halipo. Mpangilio wa kudumu haubadiliki.

Hoja hii ni nzuri, lakini ina masharti. Mashine za miaka ya 1990 nyingi hazina menyu hiyo. Nyingine zinaionyesha kwa sekunde mbili tatu tu, tena nyuma ya nembo ya kampuni. Na mara nyingi kibodi ndiyo kikwazo. Kibodi ya USB haifanyi kazi kabla ya mfumo endeshi kuwaka iwapo BIOS imezimwa uwezo wa kuitambua, kwa hiyo mtu anabonyeza F12 mara hamsini na mashine haimsikii. Kibodi ya zamani yenye plagi ya duara, ile ya PS/2, inamaliza tatizo hilo papo hapo. Kila fundi anayeshughulika na mashine hizi anapaswa kuwa nayo moja kabatini.

Kuna kundi jingine ambalo siku hizi nalo linaitwa la zamani: kompyuta zenye UEFI, mrithi wa BIOS, zilizotoka kuanzia Windows 8 ya Oktoba 2012. Hizi zinaweza kuonyesha kisomaji kilekile mara mbili kwenye menyu, kimoja kikiwa na neno UEFI mbele. Anayechagua kisicholingana na Windows iliyopo anaweza kusakinisha mfumo wa pili ambao hautaonana na wa kwanza. Vilevile Windows 8 na 10 hazizimiki kikamilifu zikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, kwa hiyo nafasi ya kubonyeza kitufe cha menyu inaweza kupita. Kushikilia Shift wakati wa kuchagua kuwasha upya ndiko kunakoleta orodha ya vifaa bila kubahatisha kitufe.

Hoja ya tatu: achana na CD, tumia flashi

Hii ni hoja ya vijana, na ina uzito. Flashi inaandikwa na kufutwa mara nyingi, haichafuliwi na vumbi kwenye lenzi, inabeba kuliko DVD ya GB 4.7. CD ya MB 700 imeachwa nyuma tangu zamani: Ubuntu, aina ya Linux ambayo kati ya 2005 na 2011 ilituma CD za bure kwa posta hadi kwa watumiaji wa Afrika Mashariki, ilivuka ukubwa wa CD ilipotoa toleo la 12.10 mwezi Oktoba 2012. Laptopu nyingi mpya hazina hata sehemu ya kuingizia diski, kwa hiyo mahali pa kuchomea CD penyewe panazidi kuwa haba.

Lakini hoja hii inasahau umri wa mashine inayozungumziwa. BIOS za kabla ya takriban 2004 zilielewa USB kwa viwango tofauti sana. Baadhi ya Award zinaorodhesha USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD, na flashi iliyotayarishwa kwa mtindo mmoja haitambuliwi kwa mwingine. Kwenye AMI nyingi flashi haionekani kama kifaa kinachojitegemea: imefichwa ndani ya orodha ya hadi diski, na lazima uipandishe huko kwanza ndipo itokee kwenye orodha kuu. Watu wengi wamekata tamaa hatua moja tu kabla ya kufika.

Kasi nayo inahitaji hesabu. USB 1.1 inapitisha megabiti 12 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi ni karibu MB 1. Kisomaji cha CD cha 24x kinafika MB 3.6 kwa sekunde, na cha 52x MB 7.8 kwenye ukingo wa nje wa diski. Kwa hesabu ya karatasini, MB 700 zinachukua kama dakika 12 kupitia USB hiyo na dakika 3 na kitu kupitia CD ya 24x. CD inapoteza muda inaporukaruka kati ya faili, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo kwenye mashine ya mwaka 2000, anayedai flashi ina kasi zaidi anaipima kwa kompyuta ya leo.

Kati ya pande hizi kuna daraja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Plop ni programu ndogo inayochomwa kwenye CD au flopi, nayo imebeba uwezo wake yenyewe wa kuzungumza na USB. Kompyuta inawaka kwa CD, Plop inaiona flashi ambayo BIOS haikuiona, na kazi inaendelea kutoka kwenye flashi. CD moja inahudumia mashine nyingi kwa miaka, na kinachobadilishwa ni yaliyomo kwenye flashi tu.

Kwa shule yenye kompyuta 30 zinazofanana, njia ya mtandao, PXE, ambayo toleo lake la 2.1 lilitoka 1999, inastahili kufikiriwa kabla ya diski yoyote. Inahitaji seva moja na mtu anayeijua; asipokuwepo mtu huyo, isijaribiwe.

Mtuhumiwa anayesahauliwa: diski

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kabla diski haijaingia kwenye kompyuta ya zamani. Mtu anapakua faili la ISO, analiburuta kwenye dirisha la CD tupu na kulichoma kama wimbo au picha. Diski inayotoka imebeba faili moja kubwa, na sekta yake ya 17 haina cha El Torito. Kipimo hakihitaji utaalamu. Iweke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi, uifungue. Ukiona faili moja inayoishia na .iso, diski ni mbovu kwa kazi hii. Ukiona mafolda na faili nyingi, ISO imefunguliwa ilivyopaswa, mradi diski haikutengenezwa kwa kunakili mafolda tu. Kwenye Windows 7 na zilizofuata kuna chaguo maalumu la kuchoma ISO ukibofya faili hilo kwa kitufe cha kulia, bila programu ya ziada.

Aina ya diski nayo ni kikwazo. Kisomaji cha CD pekee hakiwezi kuona DVD kamwe: CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD kwa nanomita 650. Visomaji vya DVD vina chanzo cha kila mwanga, na kimoja kinaweza kufa kabla ya kingine. Ndiyo maana kisomaji kinacheza filamu za DVD vizuri lakini hakioni CD ya kuwashia, na mwenyewe anaapa kuwa ni kizima. CD-RW hurudisha mwanga hafifu kuliko CD ya kawaida, na visomaji vya zamani huteleza juu yake. Choma kwenye CD-R ya kawaida, kwa kasi ya chini, kisha linganisha namba ya uhakiki ya faili ulilopakua na ile iliyotolewa na waandaaji. Faili lililokatika njiani kwa sababu bando liliisha linaweza kuwaka vizuri na kuanguka katikati ya usakinishaji, jambo baya kuliko kutowaka kabisa.

Mwisho kuna biti. Diski ya biti 64 kwenye prosesa ya biti 32 inaanza, inaonyesha menyu, kisha inasimama na ujumbe unaolalamikia prosesa. Hapo CD imekwisha kufaulu. Kilichokosewa ni toleo. Uchaguzi unazidi kubana: Ubuntu iliacha kutoa diski za mezani za biti 32 kuanzia 17.10, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12, au antiX 23 iliyojengwa juu yake, bado zinafaa kwa mashine hizo.

Mizani

Hoja zote tatu zina ukweli, na ugomvi kati yao unatokana na watu kuzungumzia mashine za miaka tofauti. Kwa maoni yangu kinachopaswa kubadilika ni pa kuanzia. Anza kwa kuipima diski kwenye kompyuta nyingine. Kisha tazama kama jina la kisomaji linatokea kwenye ukurasa wa kwanza wa BIOS. Lisipotokea, kubadili mpangilio ni kazi bure: kagua waya bapa na plagi ya umeme, na kwenye mashine za IDE hakikisha jampa za vifaa viwili vya waya mmoja hazijawekwa zote kuwa za kwanza. Ndipo ujaribu menyu ya mara moja. Mpangilio wa kudumu uguswe mwisho, na urudishwe kazi ikiisha.

Kwa mashine ya kabla ya takriban 2002, CD-R iliyochomwa vizuri bado ndiyo njia ya uhakika. Kwa zile za katikati, hadi kama 2006, CD ya Plop ikishirikiana na flashi inaokoa muda na diski. Kuanzia hapo flashi inatosha, na kisomaji kibaki cha akiba. Kusasisha BIOS ili tu iione flashi sikushauri hata kidogo: umeme ukikatika katikati ya kuandika, mothabodi iliyokuwa nzima inaweza isiwake tena, na faida iliyotafutwa ingepatikana kwa CD moja.

Kwenye maabara, hadi diski iwe ya kwanza na BIOS iwekewe nywila. Nywila hiyo kwenye kompyuta nyingi za mezani hufutika kwa kuchomoa betri au kuhamisha jampa, kwa hiyo kasha lenyewe lifungwe kwa kufuli dogo pale penye tundu lake. Na kabla ya kuchoma diski yoyote, tazama kumbukumbu ya RAM kwenye ukurasa uleule wa kwanza. Ikiwa ni MB 256, mifumo ya leo yenye madirisha itaisumbua hata CD ikisomwa bila doa, na fedha iliyotengwa kwa kisomaji kipya itumike kununua RAM.